Radi: Nani Kaituma, na Imepita Wapi?

Tarehe 27 Januari 2025, mvua ikinyesha wilayani Bukombe, mkoa wa Geita, radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda. Wanafunzi saba walifariki na wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Oktoba 2018 radi ilikuwa imeshaua wanafunzi sita wa Shule ya Msingi Emaco Vision, mjini Geita. Katika ukanda huu wote, kuanzia machimbo ya dhahabu ya Geita, kupitia Kahama, hadi kata ya Kambarage mjini Shinyanga, msimu wa mvua hauanzi bila habari zake: ukuta uliopasuka kutoka paani hadi msingi, ng'ombe waliolala safu chini ya mti mmoja, luninga iliyolipuka sebuleni.

Baada ya kila tukio la namna hiyo huulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa chini ya turubai la msiba, kwa sauti ya kunong'ona: nani kaituma? La pili huulizwa na wachache, mara nyingi fundi umeme anayeizunguka nyumba akikagua kuta: imepita wapi? Tumezoea kuyapa maswali haya makabila yake. La kwanza tunaliita la Kiafrika na la ushirikina, la pili la Kizungu na la kisayansi. Ukizilinganisha jadi zenyewe, mgawanyo huo hausimami. Karibu kila jadi, ya Ulaya ikiwemo, ilianza na swali la kwanza na ikaling'ang'ania kwa karne nyingi. Swali la pili ndilo lililopunguza makaburi, na lilipopata nafasi halikusubiri watu wabadili imani zao. Lilisubiri mtu wa kulipia waya.

Mbingu yenye wenyewe

Jina la Kambarage lenyewe limetoka mawinguni. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, akapewa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Usukumani mvua ilikuwa mzigo wa ntemi, yaani chifu: ikinyesha vizuri anasifiwa, ikigoma lawama ni yake. Waganda walikuwa na Kiwanuka, mungu wa radi. Wayoruba wa Nigeria wana Shango, na Warumi walikuwa na Jupita mwenye kushika miali mkononi. Pwani yetu, Muislamu anaposikia ngurumo huleta dua, na msahafu una sura nzima, ya 13, iitwayo Ar-Ra'd, inayofundisha kwamba ngurumo yenyewe humtukuza Mungu, na kwamba miali humfikia amtakaye Yeye.

Hadi hapo jadi hizi zinafanana. Zinaanza kuachana pale mtu anapopigwa. Wanueri wa Sudan Kusini, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake cha 1956 juu ya dini yao, humhesabu aliyeuawa na radi kuwa amechukuliwa na Mungu mwenyewe. Huitwa colwic, halizwi kama marehemu wengine, na ukoo wake huendelea kumheshimu kama roho. Warumi nao walimzika aliyepigwa pale pale alipoangukia, na ardhi iliyopigwa wakaizungushia uzio isikanyagwe tena. Kwa Wayoruba, makuhani wa Shango ndio wanaoingia katika nyumba iliyopigwa. Huchimbua jiwe wanalosema limeshuka na radi, na mwenye nyumba hutozwa gharama za kumtuliza mungu, hata kama tayari amepoteza kila kitu.

Jadi hizi tatu zina ukali wake, lakini zina faida moja ya kijamii: hazimtafuti jirani. Kesi inaishia mbinguni.

Jirani anapoingia katika hesabu

Kwetu kesi mara nyingi hushuka chini. Katika masimulizi ya Tanzania nzima ni Sumbawanga iliyobandikwa sifa ya radi ya kutumwa, ile inayosemwa kupiga mchana kweupe bila wingu. Wafipa wameubeba mzigo huo hata kwenye utani wa vijiweni, wapende wasipende. Kusini mwa bara, Waxhosa wanasimulia ndege wa radi, impundulu, anayetumwa na mchawi wake. Oktoba 1998 magazeti ya Kinshasa yaliripoti kwamba huko Kasai radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira, matokeo yakiwa sare ya 1-1, huku wapinzani wao wakitoka wazima. Hata mtu asiyeamini uchawi hawezi kushangaa kwamba watazamaji walianza kuwatazama wale waliobaki.

Hapo ndipo mganga wa ramli anapoitwa, na Kanda ya Ziwa imelipa gharama ya ramli chonganishi kuliko sehemu nyingi za nchi. Shinyanga ilipata jina baya kwa mauaji ya vikongwe, akina bibi ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi wa kuni. Migodini watu wenye ualbino waliwindwa kwa ahadi za utajiri. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli wasio na leseni. Sheria hizo hazikugusa chanzo cha maswali, kwa sababu swali la "nani" halizaliwi na ujinga.

Evans-Pritchard huyo huyo, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande, alieleza kisa cha ghala lililoangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba nguzo zililiwa na mchwa. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ile ile walipokaa watu wale wale. Mchwa walieleza njia, uchawi ulieleza bahati mbaya. Mzazi wa mtoto aliyefia darasani yuko mahali hapo hapo. Ukimweleza habari za chaji katika mawingu utakuwa umemjibu swali ambalo hakukuuliza. Tatizo la ramli ni kwamba inajibu swali la huzuni kwa kumtaja mtu, na mtu akishatajwa msiba mmoja unazaa wa pili.

Mazindiko ya Ulaya

Upande wa kinga, jadi zinafanana kuliko tunavyodhani. Mtu wa kwetu huzindika nyumba: dawa huzikwa penye pembe nne au mlangoni, ili kilichotumwa kikifika kikute njia imefungwa. Majumbani kuna miiko midogo midogo: vioo hufunikwa, nguo nyekundu huvuliwa, simu huzimwa. Afrika Kusini utaona matairi ya gari yametupiwa juu ya mapaa kwa imani kwamba mpira huzuia umeme, kana kwamba kitu kilichokwisha kuvuka kilomita za hewa kitashindwa na tairi.

Ulaya nayo ilikuwa na mazindiko yake. Amri za mashamba za mfalme Karolo Mkuu, za takriban mwaka 800, zilimtaka mtunza bustani aoteshe juu ya paa la nyumba yake mmea ulioitwa ndevu za Jupita, uliosifika kwa kuzuia radi. Makanisani walipiga kengele wakati wa tufani ili kuivunja nguvu radi, na nyingine ziliandikwa maneno hayo kwenye shaba yake. Mnara wa kanisa ndio uliokuwa kitu kirefu kuliko vyote kijijini, kengele ni ya shaba, na kamba iliyolowa mvua ilikuwa mikononi mwa mpiga kengele. Kitabu kilichochapishwa Munich 1784 kilihesabu wapiga kengele 103 waliouawa katika miaka 33. Paris ilipiga marufuku desturi hiyo 1786, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya Benjamin Franklin kuchapisha, katika almanaka yake ya 1753, maelezo ya jinsi ya kulinda nyumba kwa ufito wa chuma na waya unaoshuka ardhini. Hakudai hataza, alitaka kila mtu ajifungie wake.

Watu hawakuupokea kwa shangwe. Kule Přímětice, Moravia, padri Prokop Diviš alisimamisha mtambo wake wa vyuma mwaka 1754. Ukame ulipokuja miaka michache baadaye wanakijiji walisema mtambo ndio unaofukuza mvua, wakaubomoa. Msukuma yeyote anayejua historia ya watemi na ukame ataielewa hasira hiyo bila mkalimani. Boston, baada ya tetemeko la 1755, mchungaji mmoja alihubiri kwamba fito za Franklin zinajaza umeme ardhini na kuleta matetemeko. Saint-Omer, kaskazini mwa Ufaransa, bwana mmoja alifunga ufito juu ya nyumba yake 1780. Majirani wakaogopa kwamba utawaletea radi wao, na mamlaka ya mji ikamwamuru auteremshe. Kesi ilifika Arras, ambako ilitetewa na wakili kijana aitwaye Maximilien Robespierre, naye akaishinda mwaka 1783.

Kilichotokea Saint-Omer kinafaa kutafakariwa. Majirani wale hawakusomeshwa fizikia hadi wakaridhika. Mahakama iliamua, ufito ukarudi juu ya paa, na maisha yakaendelea. Venice iliuweka kwenye mnara wa Mtakatifu Marko 1776, na ibada haikusimama kwa sababu hiyo. Muumini na ufito waliweza kukaa katika jengo moja, maana mmoja alishughulikia nani na mwingine alishughulikia njia.

Njia ya kushuka

Radi ya kawaida hubeba ampia zipatazo 30,000 na huipasha hewa inamopita joto linalozidi mara kadhaa lile la uso wa jua. Hakuna paa linaloizuia, na kinga haikukusudiwa kuizuia. Watu wetu huita kinga hiyo mtego wa radi, na wengine huamini inaivuta kutoka mbali. Kazi yake ni ya kawaida zaidi: radi iliyokwisha kuchagua jengo inapewa njia ya chuma, fupi na iliyonyooka, hadi ndani ya udongo, ili isijitafutie njia nyingine kupitia ukuta, luninga, au mwili wa mtu.

Tuitazame nyumba ya kawaida ya Kambarage. Kuta ni matofali ya kuchoma, paa ni bati, LUKU iko ukutani na bomba la maji liko uani. Dishi la king'amuzi limefungwa juu ya mti mrefu pembeni, na waya wake unaingia sebuleni kupitia dirishani. Radi ikilipiga dishi hilo inafuata waya hadi nyuma ya luninga. Hapo chuma kimekwisha. Inaruka hadi kwenye nyaya za umeme zilizo karibu, au kwa mtoto aliyeegemea ukuta. Mama anayesema "zimeni TV, chomoeni waya" anasema kweli, na huo ni mwiko wa nyumbani ambao fizikia inautia mhuri, mradi uchomolewe kabla ngurumo hazijakaribia.

Darasa la kijijini lina hatari zaidi ya nyumba hiyo. Bati limekaa juu ya mbao, mbao juu ya matofali, na hakuna kitu cha chuma kinachoteremka. Bati halikuiita radi, ila likipigwa umeme unafika ukingoni na kukwama juu ya vichwa vya watoto waliobanana kwenye madawati. Kwenye rashi mpya ya dhahabu, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa, hali ni hiyo hiyo au mbaya zaidi: maturubai juu ya miti, watu kumi ndani, na nje uwanda uliokatwa miti yote kwa ajili ya matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za maduara ya dhahabu.

Wengi hudhani anayekufa ni yule aliyepigwa utosini. Wataalamu wa majeraha ya radi wanakadiria kwamba pigo la moja kwa moja huchangia asilimia 3 hadi 5 tu ya wanaodhurika. Karibu nusu hudhurika na umeme unaotambaa ardhini kutoka mahali palipopigwa, unaopanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndiyo maana ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana na moyo uko katikati, huanguka hata kama mchungaji aliyesimama karibu naye amepona. Anayeona ng'ombe kumi wamekufa na mchungaji mzima anashawishika kusema radi ilijua iliyemfuata. Nafasi kati ya miguu inatosha kueleza.

Kwa hiyo moyo wa kinga uko chini. Fito za juu ya paa zinaonekana na zinapigwa picha siku ya kukabidhi mradi, lakini kinachookoa ni nyaya za kushuka, angalau mbili, zenye unene usiopungua milimita 50 za mraba zikiwa za shaba, na vyuma vilivyozamishwa ardhini ambavyo fundi mzuri hupima hadi ukinzani ushuke chini ya omu 10. Udongo mweusi wa mbugani Shinyanga ukilowa hupokea umeme vizuri. Kwenye vilima vya mawe ya matale nondo haizami, na hapo fundi hulazimika kuzika utepe wa chuma kulizunguka jengo zima. Mabati, mabomba na fremu za madirisha nazo huunganishwa na njia hiyo, la sivyo umeme utaruka kati ya kimoja na kingine. Shaba ina wezi wake, wauzaji wa vyuma chakavu wanaijua bei yake, kwa hiyo chuma cha mabati kilichofungwa vizuri ni bora kuliko shaba iliyoibiwa mwezi wa pili. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, mfumo wote ukaguliwe.

Hapa nako kuna zindiko jipya. Wapo wafanyabiashara wanaouza kichwa kimoja cha ufito chenye umbo la ajabu wakiahidi kwamba kitalinda kiwanja kizima cha shule. Kanuni za kimataifa za IEC 62305 zinahesabu eneo linalolindwa kwa vipimo halisi vya chuma chenyewe, urefu wake na mahali kilipo, bila kukiongezea chochote kwa ahadi za muuzaji. Kichwa cha bei ghali kisichounganishwa vizuri na ardhi hakizidi ile dawa iliyozikwa mlangoni, tena dawa angalau haikuwa mbaya kwa bajeti ya shule.

Nani analipa

Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka mingi radi iliua watu zaidi ya 400 kwa mwaka. Leo, watu wakiwa wameongezeka mara kadhaa, vifo kwa kawaida havifiki 30 kwa mwaka. Fito za Franklin zilisaidia, lakini sehemu kubwa ya mabadiliko ililetwa na mambo mengine: watu waliondoka mashambani, na nyumba zikawekwa mabomba ya chuma na nyaya za umeme ndani ya kuta. Mmarekani wa kawaida analindwa na bomba la bafuni kwake bila kujua. Hakuelimika kuhusu radi kuliko mkulima wa Bukombe. Nyumba yake tu ndiyo yenye njia ya kushuka.

Sisi tunaishi penye radi nyingi na njia chache. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, ya pili duniani kwa miali, takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Novemba 2024, kambini Palabek, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, wakimbizi 14 waliuawa wakiwa ibadani chini ya mabati. Kati ya misiba hiyo miwili limetokea jambo la kujifunza: shirika la ACLENet, lenye makao yake Uganda, lilianza kufunga kinga mashuleni, na Runyanya yenyewe ikawa ya kwanza. Halikuanza kwa kuwauliza wazazi wanaamini nini. Lilianza na shule iliyokuwa na makaburi.

Geita na Shinyanga hazina udhuru wa kutojua. Migodi mikubwa huisoma radi kwa vyombo, hupiga king'ora na kusimamisha kazi ya baruti wingu likikaribia. Minara ya simu ina fito zake. Benki zina zake. Maarifa yako jirani kabisa na darasa, yametengwa nalo na ukuta na bajeti. Kwa maana hiyo ufito wa mgodini na zindiko la tajiri vina kasoro moja: vyote vinamlinda aliyelipa, na wa jirani atajijua.

Kasoro hiyo ina dawa iliyokwisha kuandikwa. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na vyoo. Halmashauri inaweza kuweka sharti moja: hakuna darasa lililojengwa kwa fedha za dhahabu litakalokabidhiwa bila nyaya za kushuka na cheti cha kipimo cha ardhi, na kila mwaka fungu litengwe kwa shule za zamani, tukianza na zile zilizo kwenye vilima na zile ambazo radi imeshazifikia. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo.

Diwani anayeamini kwamba radi hutumwa hahitaji kuikana imani yake ili kunyoosha mkono. Hata radi iliyotumwa, kwa hoja yake mwenyewe, hushuka kwa njia fulani, na chuma ni njia nzuri kuliko mtoto. Yeye na mwenzake asiyeamini kabisa wanaweza kukaa katika kikao kimoja, wakapitisha fungu moja, kisha wakaendelea kubishana njiani wakirudi nyumbani.